Saa Nne ya Maskati

Nilifika saa nne kamili kwa sababu niliambiwa saa nne. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa Juni mwaka 2022, wiki yangu ya tatu Omani. Basi la Mwasalat lilinitoa Ruwi hadi Burj Al Sahwa, teksi ikanimalizia safari hadi Al Khoudh, na hapo mtaani jua lilikuwa kali kiasi kwamba chuma cha geti hakishikiki. Mkononi nilikuwa na mfuko wa mihogo, maana kwetu Tanga mtu hendi kula kwa watu mikono mitupu. Mapazia yote yamefungwa. Viyoyozi vinanguruma juu ya kuta nyeupe. Mtaa mzima hauna hata paka. Nikabonyeza kengele, kimya. Nikabonyeza tena. Mwisho nikafanya kile nilichofundishwa kufanya mbele ya kila mlango tangu utotoni. Nikaita, "Hodi!"

Dirisha la ghorofani likafunguka.

"Nani huyo anayepiga hodi Maskati?" Sauti ya bibi kizee, Kiswahili cha Pemba kitupu. "Karibu, mwanangu, karibu. Lakini wenzio wamelala!"

Mjukuu wake, ambaye ni mwenzangu ofisini, alishuka akiwa bado anafunga kikoi.

"Si nilikwambia saa nne?"

"Ndiyo hii saa nne."

Akatazama simu yake. "Hii saa kumi, bwana."

Ilituchukua muda kuelewana, na Bibi ndiye aliyetuamua, huku akicheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kijana yule amezaliwa Maskati. Kiswahili chake amekipata jikoni kwa bibi yake, tena kizuri, lakini kusoma saa alifundishwa shuleni kwa Kiarabu. Kwake yeye saa nne ni baada ya sala ya Alasiri, watu wameamka usingizi wa mchana. Mimi saa yangu inaanza kuhesabu jua likichomoza. Neno ni moja, na kati yetu kuna saa sita.

Nilikuwa nimeondoka Tanga nikiamini kwamba lugha itanibeba. Jamaa walinipa moyo: Maskati huko si ugenini, watu wanaongea Kiswahili, wanakula halua, wanavaa kanzu na kofia, ni kama umekwenda Unguja yenye pesa. Na kweli, kwa watu wa mwambao nchi hii iko ndani ya vinywa vyetu tangu zamani. Pilipili manga kwa jina lake ni ya huku, na komamanga pia. Bibi yangu mzaa mama alimwita mwenye duka wa mtaani kwetu "Mmanga" bila kufikiria kwamba anataja pande hizi za dunia. Majahazi yalishuka na kaskazi kuanzia Desemba na kurudi na kusi kuanzia Aprili, karne na karne. Mimi nilipanda ndege Dar es Salaam, na baada ya saa tano hivi nikatua katika joto ambalo kwanza nilidhani linatoka kwenye injini.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka, kwani kila aliyehamia Ghuba anayajua: damu hupimwa, kifua hupigwa picha, vidole huchukuliwa alama, kisha unapewa kadi ya ukaazi, na nyuma ya kadi hiyo yupo kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Hadi Januari 2021 usingeweza kuhama kazi bila barua ya mwajiri wa zamani kusema hana pingamizi. Mimi nilifika sharti hilo limeshaondolewa. Wenzangu waliolikuta walilizungumzia kwa sauti ya chini, kama mtu anavyozungumzia ugonjwa aliopona juzi.

Yaliyonishangaza ni madogo zaidi. Kwanza maji. Asubuhi ya kwanza nilifungua bomba la baridi nikaruka, maana lilitoa maji ya kuchemshia chai: matangi yako juu ya paa, na paa liko juani. Mhindi wa chumba cha pili, mtu wa Kerala mwenye miaka mingi hapa, akanifundisha siri. Miezi ya joto unazima hita ya bafuni, maji yanakaa humo ndani kivulini na kupoa, kisha unaoga kwa bomba la moto. Bomba la moto ndilo la baridi, la baridi ndilo la moto. Nikasema sawa.

Kisha nguo. Nilianika mashati barazani, kwenye ukuta mdogo unaotazama barabara, kama mtu yeyote mwenye akili anavyofanya. Mlinzi wa jengo alipanda mbio. Manispaa ya Maskati hairuhusu nguo zinazoanikwa kuonekana na wapita njia, wala hairuhusu mambo mengine kadhaa yanayoharibu sura ya jiji. Majengo ni meupe au ya rangi ya mchanga, hayashindani kwenda juu, na nyuma yake milima ya Hajar imesimama mitupu, rangi ya kahawia, bila jani. Ni jiji safi mno. Siku za mwanzo usafi huo ulinitia unyonge. Nilikosa mtu wa kuniuzia karanga.

Fedha nayo ina fumbo lake. Riali moja ina baisa 1,000, na siku nilipofika riali hiyo ilikuwa na thamani ya shilingi 6,000 na ushei. Mtu aliyezoea kulipa noti ya elfu kumi bila kuumia, hapa anaona bei imeandikwa 3 na moyo unasema rahisi, kumbe ametoa elfu kumi na nane na ushei. Baisa na pesa yetu ni ndugu, zote zimetoka katika paisa ya Kihindi. Undugu huo haukunisaidia dukani.

Kwenye teksi ndipo Kiswahili kilipoanza kujitokeza. Madereva wa teksi ni Waomani wenyewe, na Mwomani hakuulizi unakwenda wapi kabla hajakujulia hali: habari gani, mambo gani, na wewe unajibu hakuna, tunashukuru, hata kama umefiwa jana. Mtu wa Pwani hafundishwi mchezo huo. Mmoja aliniuliza natoka wapi, nikamjibu, akanyamaza kidogo akipita mzunguko wa barabara, kisha akasema kwa Kiswahili kilichojaa vumbi, "Mama yangu alikuwa Bububu." Halafu tukakwama. Alikuwa na maneno ya jikoni na ya kukaripia watoto: njoo, kaa, kula, wacha, mwana kaidi wee. Ya kuzungumzia bei ya petroli hakuwa nayo. Tukaendelea kwa Kiingereza, ila mlangoni alikataa nauli.

Neno la Kiarabu tunalodhani tunalijua ndilo linalotutega. Mtu akisimama mlangoni akakuonyesha ndani kwa mkono huku akisema "tafadhal", Mswahili husita akisubiri aambiwe anaombwa nini. Haombwi chochote. Anakaribishwa aingie.

Msikitini nako nilijikwaa. Waomani wengi ni Waibadhi, sisi Tanga ni Washafii, na tofauti hiyo nilikuwa nimeisoma bila kuitia maanani. Sala ya Magharibi, imamu akamaliza Fatiha, nami nikavuta pumzi nikaitikia "Amina" kwa sauti ya kwetu. Ikatoka peke yake msikiti mzima. Waibadhi hawaitikii. Wamesimama mikono imeshuka ubavuni, kimya. Mzee wa kulia kwangu hakugeuka, ila tulipotoa salamu alinipa mkono akaushika muda mrefu kuliko kawaida, na akaniuliza kwa Kiswahili kama nimetoka Unguja au Mombasa. Amina yangu ilikuwa imenitaja kabla sijajitaja.

Narudi Al Khoudh. Siku ile ya mihogo sikufukuzwa kungoja saa nne yao. Bibi aliamuru nikae, na chai ikaletwa. Ameondoka Pemba akiwa na miaka 16. Baba yake alikuwa na duka Wete na mikarafuu michache. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 walivuka hadi Mombasa, kutoka hapo Dubai, na Maskati hawakufika hadi Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika nje warudi kujenga nchi. Nchi yenyewe ilikuwa na skuli tatu tu. Skuli, ndivyo anavyosema, kama Wazanzibari wote, na hospitali kwake ni spitali. Waliotoka Afrika ya Mashariki walikuwa wamesoma na walijua Kiingereza, na bahati hiyo iliwafungulia benki, mafuta, ofisi za serikali na madarasa. Yeye alifundisha wasichana hesabu, kwa Kiarabu alichokuwa akijifunza usiku ili akifundishe asubuhi.

"Walinicheka," alisema. "Watoto wa darasa la pili walikuwa wananisahihisha. Kule Wete tulikuwa Wamanga. Nimefika huku kwa baba zangu, nimekuwa Mzanzibari. Mpaka leo."

Nilimuuliza kama amewahi kurudi kutembea. Hapana. Wanawe wamekwenda, wamemletea picha. Halafu akanisaili yeye. Daladala ndiyo nini? Na bodaboda? Machinga ni watu wa wapi? Nilijieleza vizuri hadi nilipofika kwenye vocha, hapo akanipungia mkono kama mtu afukuzaye nzi. Mengi niliyosema aliyasikia kama Kiswahili cha watoto. Nami yake niliyasikia kama ya marehemu bibi yangu, hadi nikajikuta nimekaa vizuri na kuweka miguu sawa. Aliwahi pia kumtaja Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyeishi Uingereza tangu 1964 na kuruhusiwa kuhamia Omani mwaka 2020. "Hata yeye," alisema, na hakumaliza.

Mihogo ilikuja mezani imepikwa kwa nazi, na nazi imekamuliwa kwa mkono. Nikasifu, nikamwambia Bibi mkono wake haujasahau Pemba.

"Mkono upi? Mimi nina baridi yabisi. Kapika huyu." Akaita jikoni.

Akatoka msichana wa miaka ishirini na kitu, kitambaa kichwani, akanisalimia "Shikamoo kaka" kwa lafudhi niliyoitambua kabla hajamaliza neno. Korogwe. Kutoka nyumbani kwetu hadi kwao ni safari ya basi ya asubuhi moja.

Hapo nilijua kwamba nimekuwa nikihesabu vibaya. Nilikuwa nimejihesabu mimi, dereva wa teksi, mzee wa msikitini, Bibi, kama ndio Waswahili wa Maskati. Kumbe Watanzania wengi walioko hapa ni wanawake, na wako nyuma ya kuta za nyumba wanafua, wanapika na kulea. Wengine wamepata watu wema. Wengine wamenyang'anywa pasipoti, wakalazwa saa chache, wakakosa mshahara, na hayo yaliandikwa wazi katika ripoti ya Human Rights Watch mwaka 2017. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2003 iliwaacha nje wafanyakazi wa majumbani. Mimi, mpitisha mizigo wa ofisini, naitwa mtaalamu wa kigeni, na kafili wangu nikitofautiana naye naweza kwenda kushtaki. Msichana yule na mimi tumepanda ndege kutoka nchi moja. Dada wa Korogwe alikuwa na nafuu: simu yake anayo, Ijumaa anapumzika, na Bibi anamwita mwanangu. Nami ananiita hivyo hivyo, lakini mimi nilikuwa nimekaa kitini na yeye amesimama na sahani.

Majira ya baridi yalipoingia, ambayo huku ni miezi ya neema, watu wakatoka nje kama siafu baada ya mvua. Kila jioni moshi wa mishkaki kandokando ya barabara, na huku wanaiita mishkak, na mwuzaji akikutambua lafudhi anakuongezea ukwaju. Nami nilikuwa nimepata leseni. Leseni ya Tanzania haikunifaa kitu. Omani wanaendesha kulia, na mtihani wa kwanza ni kurudi kinyumenyume kati ya mapipa bila kuyagusa. Niliyagusa mara mbili, siku mbili tofauti. Mwalimu, mzee mwenye gari lake, alinitazama nikitoka jasho ndani ya kiyoyozi. "Polepole, baba," akasema ghafla kwa Kiswahili. "Tazama kioo. Usinitazame mimi." Mara ya tatu mapipa yakaniachia.

Kwa hiyo safari ya Ibra niliendesha mimi. Ilikuwa Jumatano ya mapumziko, Bibi kakaa mbele, mjukuu na dada wa Korogwe nyuma. Barabara inaingia milimani kusini ya Maskati, njia pana, nyeusi, na kila baada ya muda inashuka katika wadi, mto usio na maji, ambapo nguzo zimewekwa alama za kuonyesha kina. Siku kavu unaziona kama pambo. Mvua ikinyesha milimani wadi hujaa kwa dakika, na kila mwaka wapo wanaodhani gari lao litaweza.

Ibra ndiko baba yake Bibi alikotoka kabla ya kupanda jahazi. Eneo hili la Sharqiyah lilitoa watu wengi waliokwenda kwetu, wakiwemo wa koo za Al-Harthi na Al-Barwani ambazo mtu yeyote wa Unguja anazijua. Tulisimama kwanza kwenye soko la wanawake la Jumatano. Wanaume hatuingii. Mimi na mjukuu tukakaa nje na chai ya maziwa ya baisa 100, tukiangalia wanawake wakipita na mikoba ya manukato, vitambaa na nyuzi. Bibi akaingia na dada. Walikaa nusu saa, wakatoka dada anacheka, Bibi kanuna. Alikuwa akipatana bei ya ubani kwa Kiarabu chake safi cha ualimu wa miaka thelathini, mwenye mali akamsikiliza, akamuuliza mwenzake: hii Zanjibariya inataka ngapi?

"Nimezaliwa na mtu wa hapa," Bibi aliniambia tukitembea. "Hapa hapa."

Tukaenda mtaa wa zamani, Al Minzfah. Ni maghofu. Nyumba za ghorofa za mawe na udongo, matao, milango iliyochongwa ikabaki fremu tupu, mitende ikichungulia juu ya kuta. Mifereji ya falaj bado inapitisha maji shambani kwa zamu, kama ilivyofanya tangu kabla ya wenye nyumba hizi kuondoka. Walikuwa wafanyabiashara, na pesa iliyojenga kuta zile ilitoka upande wetu wa bahari. Karafuu, pembe za ndovu, na watu. Mjukuu alikuwa akipiga picha za matao. Dada wa Korogwe alipita mkono juu ya ukuta mmoja, akauangalia unga wa udongo kidoleni, akaupangusa kwenye baibui. Bibi hakujua nyumba ya baba yake ilikuwa ipi. Alichagua moja yenye kivuli tukakaa, tukala maandazi.

"Hapa penyewe sipajui," alisema. "Lakini mtu akiniuliza kwetu, nitasemaje?"

Hakuna aliyemjibu. Mjukuu akasema sasa ni saa nane, tuondoke kabla ya foleni, nami nikashtuka kwamba tutaendesha usiku. Kisha nikaangalia jua, bado liko juu kabisa kwa jicho langu. Saa nane mchana. Alikuwa amesema kwa saa yangu, kwa kunionea huruma.

Mwaka uliofuata nilipata likizo. Wiki nzima kabla ya safari nilipokea maagizo. Ofisini walitaka kahawa ya Kilimanjaro. Dada wa Korogwe alinipa bahasha ya kumpelekea mama yake, na blanketi lililofungwa vizuri kuliko mzigo wowote niliowahi kuupitisha bandarini. Bibi alitaka kanga, doti tatu, na hakutaka ninunue kwa kukisia.

"Usiniletee kanga ya kutukana watu," alionya. "Watu siku hizi wananunua rangi, hawasomi jina. Nipigie simu ukiwa dukani, unisomee."

"Nitakupigia Jumatatu, saa nne."

Jumatatu nikawa dukani Tanga, barabara ya nane, feni juu inazunguka, mwenye duka ameshatandaza kanga ishirini mezani. Saa nne juu ya alama nikapiga. Alipokea dada wa Korogwe, akanong'ona.

"Kaka, ulikuwa wapi? Bibi kakaa na simu mkononi tangu saa nne. Hata chai hajanywa."

"Si ndiyo saa nne sasa hivi?"

"Ya huko, kaka. Huku saa tano."

Nikasikia simu inanyang'anywa. Maskati iko mbele ya Tanga kwa saa moja, na katika hesabu zangu zote za saa sita za mjukuu, hiyo moja niliisahau.

"Umechelewa," Bibi akasema. "Haya, soma."

Nikasoma ya kwanza.

"Hiyo ya kugombana na mke mwenza. Mimi mke mwenza nimemzika. Nyingine."

Nikasoma ya pili. Akanyamaza.

"Rudia."

Nikarudia polepole, kama mtoto wa chuoni mbele ya ubao, na mwenye duka ameacha kukunja kanga zake anasikiliza.

"Rangi gani?"